Wimbo niliousikiliza miaka ishirini umenishtua: tuongelee spika zenye ufanisi mkubwa

Mleta uzi

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, atarudi akitulia.

Nina wimbo mmoja ambao nimekuwa nao tangu ujana wangu. Bendi ndogo tu: magitaa mawili, besi, ngoma za mkono, drams na mwimbaji mmoja wa kike. Naujua kiasi cha kuweza kuupiga kichwani mwanzo hadi mwisho bila redio. Najua mpiga besi anachelewa wapi, najua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Ndivyo nilivyoamini.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuwa anahama, akaniomba nimtunzie spika zake. Maboksi mawili yanayonifika kifuani, kila moja lina wufa (spika ya besi) ya inchi 15 na honi juu yake, ule mdomo mpana kama wa tarumbeta unaotoa sauti za juu. Nyuma pameandikwa desibeli 99 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, yaani ukubwa wa sauti zinayotoa kwa umeme mdogo tu. Zangu ni zile ndogo za kukaa juu ya stendi, wufa ya inchi 5, desibeli 85. Nimezisifia sana humu jukwaani na sifuti hata neno. Basi nikachomoa zangu, nikachomeka zake kwenye amplifaya ileile, nikashusha volyumu, nikauweka ule wimbo.

Nilitegemea besi. Kilichonikamata ni mkono wa kushoto wa mpiga drams.

Kwenye ubeti wa kwanza, katikati ya mapigo makubwa, kuna vipigo vidogo vya snea, ile ngoma ya drams yenye mchakacho. Vya kugusa tu, fimbo inaachiwa ianguke kwa uzito wake na kudunda. Miaka yote nilivisikia kama mchakacho uliochanganyika na kayamba. Jioni ile nikavihesabu. Ni vitano, na havilingani. Cha pili ni chepesi, cha tatu kina nguvu kidogo, cha nne kimemezwa karibu chote, cha tano kinausukuma mkono wa kulia kwenda kwenye pigo kubwa. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikarudisha tena. Wimbo ule huwa unanichezesha mguu tangu zamani na sijawahi kujua ni nani anayeuchezesha. Ni yule bwana na mkono wake wa kushoto.

Kisha kiitikio. Mwimbaji huwa anaanza chini, halafu kwenye neno la mwisho anapanda ghafla. Kwenye spika zangu akipanda, sauti inakuwa kali. Kwenye hizi akipanda, sauti inakuwa kubwa. Sijui kama naeleweka. Ukali ni kitu kinachokuingia sikioni na kukufanya ukunje uso. Ukubwa ni mtu yuleyule, umbali uleule, ila amefungua kifua. Nilikuwa nikidhani ule ukali ni wake, kwamba ndivyo alivyoumbwa koo. Nimemwonea miaka ishirini.

Na ngoma za mkono: kiganja kinatua kwanza, halafu ngozi inajibu, halafu mwili wa ngoma. Hatua tatu ndani ya kufumba na kufumbua. Zamani nilipata moja tu.

Hoja yangu ni hii. Watu wanaposifia spika za namna hii husema zina nguvu, zinatikisa nyumba. Mimi nilisikiliza kwa sauti ya chini. Naona kilichobadilika ni uwiano kati ya kidogo na kikubwa. Pigo lenye nguvu mara mbili lilitoka likiwa na nguvu mara mbili, na pigo dogo halikuzama. Wajuzi naomba mnieleze kwa nini, na kama kuna waliokutana na jambo hili kwenye nyimbo zao za siku zote, waseme ni wapi hasa walisikia tofauti.

Sikio la Tatu

Mkuu, heshima kwako, lakini naomba nitofautiane. Kutoka desibeli 85 hadi 99 ni tofauti ya 14. Kila desibeli 10 sikio linaona kama sauti imekuwa maradufu. Umesema ulishusha volyumu. Uliishusha kwa kipimo gani? Ukilinganisha vifaa viwili na kimoja kikazidi hata kwa desibeli 1 tu, hutasema kimezidi sauti, utasema kina uhai zaidi. Tumeliona hili mara nyingi sana. Bila kusawazisha, maneno yote hapo juu yanaweza kuwa ni volyumu tu.

Mleta uzi

Mkuu Sikio la Tatu, uko sahihi kwa jioni ya kwanza, nilishusha kwa kukisia. Jioni ya pili nilifanya hivi: nikacheza mvumo wa majaribio usiopanda wala kushuka, nikaweka simu yenye programu ya kupima sauti pale kichwa changu kinapokaa, nikasawazisha seti zote mbili kwenye desibeli 72. Simu inaweza kuwa inadanganya kuhusu 72 yenyewe, lakini ni simu ileile, mahali palepale, kwa hiyo ikidanganya inadanganya sawasawa kwa zote mbili.

Na nikiri kwamba baadhi ya mambo yalitoweka. Jioni ya kwanza niliandika kwenye daftari kwamba matoazi yana hewa zaidi na gitaa la pili limesogea mbele. Baada ya kusawazisha, gitaa lilirudi mahali pake na matoazi yakawa ya kawaida. Kwa kweli matoazi ya spika zangu ni laini zaidi.

Vilivyobaki ni vile vipigo vitano na ule mpando wa mwimbaji. Ndiyo maana nikaandika hivyo viwili na si vingine.

Fundi Waya

Mleta uzi, umeeleza vizuri. Mimi natengeneza amplifaya na kufunga upya koili za spika, kwa hiyo nitaleta upande wa hesabu. Nitajitahidi nisichoshe.

Spika ambayo ingegeuza umeme wote kuwa sauti, ikirusha upande wa mbele tu, ingetoa karibu desibeli 112 kwa wati 1 katika mita 1. Hicho ndicho kilele chenyewe, asilimia 100. Kila ukishuka desibeli 10 unagawa kwa 10. Spika ya 92 ina ufanisi wa asilimia 1. Zako za 85 zina asilimia 0.2. Za rafiki yako za 99 zina asilimia 5. Yaani katika kila wati 100 unazozipeleka kwenye spika zako, sehemu ya tano ya wati moja ndiyo inakuwa muziki. Zilizobaki zote zinapasha moto koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, sehemu ya spika inayotikisika.

Shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ikipanda nyuzi 100, ukinzani unaongezeka kwa karibu asilimia 40, umeme unaopita unapungua, na spika inapoteza hadi karibu desibeli 3. Bendi inazidi kupiga, spika inazidi kurudi nyuma. Sisi mafundi tunaiita spika inajibana.

Lakini sitaki kukudanganya. Kwa desibeli 72 sebuleni koili yako haipandi nyuzi 100, wala haikaribii. Kwa hiyo joto peke yake si jibu la ulichokisikia. Ningetazama mambo mengine.

Kwanza ni mwendo wa koni. Eneo la koni ya inchi 15 ni karibu mara kumi ya ile ya inchi 5. Ili kutoa besi ileile, koni yako ndogo inabidi iende na kurudi mara kumi zaidi, na kila noti ya besi ikishuka oktava moja (masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yakawa nusu) kwa sauti ileile, mwendo unazidi mara nne. Sasa kumbuka koni hiyohiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji wako. Inamwimba huku inayumba. Koili inapotoka katikati ya sumaku nguvu inapungua, ikirudi inaongezeka, na hayo yote yanaandikwa juu ya sauti yake. Akipanda wakati besi inapiga kwa nguvu, unapata vumbi la masafa ambayo hakuyaimba. Ukali unaousema, mimi ningeanza kuutafuta hapo. Kwenye boksi la rafiki yako besi iko kwenye koni inayosogea kidogo mno, na sehemu ya juu ya sauti yake iko kwenye honi ambayo haigusani na besi kabisa.

Halafu kuna chumba. Spika ndogo inatapanya masafa ya kati kila upande, na ukuta, dari na sakafu vinakurudishia yakiwa yamechelewa. Honi inalenga. Unapata sauti ya moja kwa moja zaidi na ya ukutani kidogo. Vipigo vidogo vya snea ni vitu vya kwanza kuzama kwenye mwangwi wa chumba. Nakwambia kabisa, nadhani nusu ya vipigo vyako vitano imetoka hapa na si kwenye ufanisi wenyewe. Ufanisi na kulenga vinakwenda pamoja mara nyingi kwa sababu honi inaleta vyote viwili.

La mwisho, amplifaya. Chukua wastani wa 72 kwenye kiti chako, mita 3 hivi kutoka kwenye spika. Rekodi nzuri ya bendi inaweza kuruka desibeli 18 juu ya wastani kwa sekunde ndogo. Hiyo ni 90. Kwa spika zako utahitaji kama wati 12 kwa mruko huo. Kwa za rafiki yako, nusu wati. Sasa ongeza hadi wastani wa 85, kama watu wanavyosikiliza siku ya furaha: zako zitadai wati 250, zake wati 10. Amplifaya nyingi za nyumbani zinafika hapo zikiwa zimeshakata vilele zamani, yaani zimeishiwa nguvu na kuukata mruko kichwa, na mwenye nazo hajui. Anaona tu muziki umechoka.

Mwanakwaya

Nimesoma bandiko la Fundi Waya mara mbili, asante sana kaka. Mimi sina hesabu, nina kwaya. Naimba sauti ya pili, nasimama mstari wa kati, kwa hiyo najua kwaya inavyosikika ukiwa ndani yake.

Tuna rekodi yetu, ilirekodiwa kwa maikrofoni mbili tu ukumbini, hakuna aliyeigusa baadaye. Kuna mahali tunaanza kwa kunong'ona kabisa, wanaume hawajaingia, na baada ya mistari minane wote tunafungua kwa pamoja. Nyumbani sikuwahi kuisikiliza rekodi hii bila rimoti mkononi. Mwanzoni naongeza ili nisikie maneno, kisha napunguza kabla hatujafungua, maana nikichelewa inakuwa kelele tupu. Nilizoea hivyo nikaona ndiyo kawaida ya rekodi za kwaya.

Kaka yangu ana spika kubwa za aina hii, desibeli 97 kama sikosei. Nilipoiweka kwake, niliweka kidole kwenye rimoti nikingoja mahali pangu pa kupunguza. Mahali pakafika, tukafungua, na sikubonyeza. Hakukuwa na haja. Sauti ilijaa bila kuniumiza, na nikamsikia dada aliyesimama kushoto kwangu siku ile, ana herufi S ndefu kuliko sisi wote. Huwa tunamwambia mazoezini. Nilimsikia ndani ya watu arobaini.

Mwanzo wa kunong'ona pia niliusikia wote, kwa volyumu ileile. Mleta uzi amesema uwiano. Mimi ningesema sikulazimika kuisaidia rekodi.

Koni Laini

Naona uzi umejaa asali, acha nilete upande mwingine, maana niliwahi kuwa nazo miaka miwili nikauza.

Honi ina sauti yake. Weka mikono miwili mdomoni kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, halafu ongea kawaida. Ile rangi inayoingia kwenye sauti yako ndiyo niliyokuwa naisikia kwenye kila mwimbaji wa kiume, kila siku, nikishaitambua sikuweza kuisahau. Tarumbeta zilikuwa tamu, piano haikuwa piano.

Pili, mvumo. Amplifaya ambayo kwenye spika za kawaida ni kimya kabisa, kwenye hizi inafukuta kama jiko la gesi. Sikio la Tatu ametuambia desibeli 14 zinaongezeka kwenye muziki, basi ajue zinaongezeka pia kwenye kila uchafu unaotoka kwenye amplifaya.

Tatu, besi ya chini kabisa haipo. Maboksi makubwa vile, na chini ya hezi 45 (mitikisiko 45 kwa sekunde) hakuna kitu. Nyimbo zangu mbili za kinanda cha kanisani zilipotea miguu.

Kwa hiyo wakuu, muziki tunaoujua unabadilika, ndiyo. Si kila mara unabadilika kwa kurudi kwenye ukweli.

Fundi Waya

Koni Laini umesema kweli tupu na sitabisha hata moja. Nitaongeza sababu ya hilo la tatu, kwa sababu ndilo limeamua historia yote ya spika.

Kuna sheria ambayo wahandisi huiita ya chuma, inatokana na J. Anton Hofmann, yule ambaye herufi ya jina lake ndiyo H ya kampuni ya spika ya KLH. Unataka boksi dogo, besi ya chini, na ufanisi mkubwa. Chagua viwili, cha tatu utakilipa. Ufanisi unakwenda sambamba na ukubwa wa boksi na kipeo cha tatu cha masafa yako ya chini kabisa. Ukitaka kushuka oktava moja zaidi bila kupoteza ufanisi, boksi linatakiwa liwe kubwa mara nane. Siyo mara mbili, mara nane. Fikiria boksi linalokufika kifuani likizidishwa mara nane.

Ndiyo maana mambo yalikwenda yalivyokwenda. Miaka ya 1920 Western Electric walipokuwa wanaweka sauti kwenye kumbi za sinema za Marekani, amplifaya zao zilikuwa za wati chache tu. Ukumbi wa watu maelfu, wati ambazo leo spika ndogo ya mezani inazipita. Haikuwezekana bila honi kubwa. Mwaka 1925 Rice na Kellogg wa General Electric walichapisha kazi yao juu ya koni inayosukumwa na koili, ndiyo mama wa spika karibu zote tulizonazo. Ilikuwa na ufanisi mdogo kuliko honi, lakini ilikwenda sawasawa kwenye masafa mapana na haikuhitaji mdomo wa mita mbili. Miaka ya 1940 Paul Klipsch akaikunja honi ya besi ikaingia kwenye kona ya chumba, akazifanya kuta zenyewe ziwe mwendelezo wa honi. Halafu mwaka 1954 Edgar Villchur na kampuni ya Acoustic Research wakaleta AR-1: boksi dogo lililofungwa kabisa, hewa iliyomo ndani ndiyo springi ya koni. Besi ya chini kwenye rafu ya vitabu. Watu walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa. Alilipa kwa ufanisi, na amplifaya zilikuwa zinaanza kuwa na nguvu, kwa hiyo deni likaonekana dogo.

Sisi wote tumekulia ndani ya uamuzi ule. Ni uamuzi mzuri, nyumba ni ndogo. Ila vizazi vimezaliwa havijawahi kusikia upande wa pili.

Mleta uzi

Koni Laini, ile ya mikono mdomoni nimeisikia na mimi, tangu ulipoiandika. Kwenye sauti ya kike inajificha, nikaweka rekodi ya mwanaume anayesoma hadithi nikaisikia wazi, sehemu ya juu kidogo ya katikati, kama yuko kwenye mlango wa pango. Haikunisumbua kama ilivyokusumbua wewe, lakini ipo.

Piano nakubaliana nawe kabisa. Spika zangu ndogo zinaipiga vizuri zaidi.

Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, mimi mgeni. Chumba changu ni kidogo, mita 3 kwa 4, na amplifaya yangu ni ya wati 20. Je, nahitaji hivi vitu au nakaa na nilivyonavyo?

Fundi Waya

Karibu ndugu. Kwenye chumba hicho unakaa karibu na spika, mita 2 au pungufu. Wati 20 na spika ya desibeli 88 au 90 zitakutosha bila kukata vilele, kama husikilizi kwa fujo. Wufa ya inchi 15 yenye honi inataka umbali ili sauti ya juu na ya chini zikutane kabla hazijakufikia. Ukizikalia karibu utasikia spika mbili katika boksi moja. Tafuta wufa ya inchi 8 au 10 yenye desibeli 92 hivi, hapo ndipo penye nafuu. Na angalia omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Wengine wanaandika unyeti (zile desibeli za kwa wati 1) wa juu kwa kupima kwa volti 2.83 kwenye spika ya omu 4. Hizo ni wati 2, siyo 1, wamejiongezea desibeli 3 za bure.

Kaseti ya Zamani

Kuna jambo hamjaligusa na kwangu ndilo kubwa. Mleta uzi ulibahatika kuweka wimbo uliorekodiwa vizuri.

Mimi nilipata spika za desibeli 96, nikakimbilia albamu ninayoipenda kuliko zote. Nilioa nikiisikiliza, nimelea watoto nikiisikiliza. Nikaiweka, nikakaa, na baada ya nyimbo mbili nikahisi kuchoka, sikujua kwa nini. Nikaiweka kwenye kompyuta nikaangalia wimbi lake: tofali. Limejaa juu hadi chini tangu sekunde ya kwanza. Waliibana wakati wa kuikamilisha ili isikike kubwa redioni. Ubeti na kiitikio vina ukubwa uleule. Mpiga drams anapiga kwa nguvu zote na kwa upole, vinatoka sawa.

Kwenye spika zangu za zamani sikuwahi kuligundua kwa sababu zilikuwa zinabana kila kitu kidogo kidogo, rekodi zote zilifanana. Hizi mpya zimezitenga. Baadhi ya albamu zimefufuka, hii imebaki chini. Bado naiweka, lakini naiwekea spika ndogo za jikoni, huko inapendeza kama zamani.

Mleta uzi

Kaseti, pole sana. Yamenipata kwa albamu tatu. Moja nina nakala mbili, ya zamani na ile iliyotolewa upya. Nilikuwa nasikiliza ile mpya kwa sababu kwenye spika zangu ilionekana safi na kubwa. Kwenye honi ile ya zamani ndiyo ilikuwa na nafasi ya kupumua, na ile mpya ilikuwa tofali kama lako. Miaka mingapi nimesikiliza nakala isiyo yenyewe.

Sikio la Tatu

Narudi, na nina neno la tahadhari. Masikio yetu hutambua sauti imezidi kwa kusikia ukali, ile hali ya spika kuelemewa. Spika zisizoelemewa hazitoi onyo hilo. Mtu anaongeza, anaongeza, na bado inapendeza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unagawanyika kwa mbili. Kwenye 89 zinabaki saa 5 kwa wiki nzima. Ile simu mliyotumia kusawazisha iacheni mezani, muitazame mara mojamoja.

Na mleta uzi, nakubali. Umesawazisha, ukafuta vilivyofutika, ukabaki na viwili. Siwezi kudai zaidi ya hapo.

Mleta uzi

Wakuu, narudi na taarifa. Rafiki yangu amekuja kuchukua spika zake juzi. Tulizibeba watu watatu.

Jana usiku nilirudisha zangu kwenye stendi. Nikaweka wimbo uleule. Kwanza nilihuzunika kidogo, kisha nikaamua kufanyia kazi maelezo ya Fundi Waya. Nina wufa ya pembeni ambayo nilikuwa nimeizima miaka miwili. Nikaiwasha, nikaweka kila kitu chini ya hezi 100 kiende huko, ili koni zangu ndogo zisihangaike na besi. Halafu nikasogeza kiti mbele, kutoka mita 3 hadi mita 1.5, ili nipate sauti ya moja kwa moja zaidi na chumba kidogo. Hilo la kiti lilinipa pia desibeli kama 4 kwenye simu, bila kugusa amplifaya, nikazishusha ili nibaki kwenye 72.

Kiitikio kilifika. Mwimbaji akapanda, na safari hii hakukunja sauti. Si kama kwenye honi, kuna mahali bado anabanwa, pale kwenye neno lenyewe la mwisho. Lakini ule ukali niliokuwa nikimsingizia umepungua zaidi ya nusu. Piano ya rekodi nyingine iko palepale nilipoipenda.

Vipigo vya snea: cha kwanza nakisikia, cha pili, cha tatu. Cha tano nakisikia vizuri kabisa. Cha nne sikipati, ila sasa kuna pengo mahali pake, zamani hata pengo halikuwepo. Leo usiku nitasogeza kiti sentimita 20 nyingine na kutandika zulia nene mbele ya spika, halafu nitahesabu tena.